Mbuzi wa Jirani

Ini nililisoma. Utumbo mpana sikuusoma. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akaniheshimu bure.

Shule yetu ya uuguzi ilikuwa Butembo, na mwalimu wa magonjwa alikifuata kitabu chake kama padri anavyofuata misa. Hakuruka sura, hakurudi nyuma. Alianza na mdomo, akateremka kooni, akapita tumboni, akafika kwenye ini na hapo akapiga kambi. Alilipenda ini. Alituambia kwamba linaweza kushikwa na kansere, yaani saratani, neno ambalo wengi wetu tulikuwa hatujalisikia, na kwamba kansere hiyo huwajia watu walioishi miaka mingi na homa ya ini bila kujua, walevi wa siku zote, na hata wale wanaokula karanga na mahindi yaliyoota ukungu ghalani. Alipofika kwenye karanga darasa zima lilicheka. Nani kati yetu alikuwa hajala karanga zenye ukungu? Unapuliza, unapangusa, unakaanga, unakula.

Baada ya ini ilikuwa zamu ya utumbo. Juma lile vita viliingia mjini. Shule ilifungwa, mwalimu akakimbilia kwao upande wa Kirumba na kitabu chake, na tulipoitwa tena tulipewa diploma haraka haraka kwa sababu vituo vya afya vilikuwa vitupu. Hivyo nilianza kutibu watu nikiujua mwili wa binadamu kuanzia mdomoni hadi kwenye ini. Kutoka hapo kwenda chini nilikuwa nabahatisha. Walinipa kituo kidogo kule Mabalako, kati ya mashamba ya muhogo na kahawa, na watu wakaniita munganga, jina ambalo kwetu hupewa daktari na muuguzi bila kubagua. Sikulikataa.

Nilioa binti wa mtaa wa Mulekera, pale Beni. Mama yake alikuwa mjane, Mprotestanti wa kweli kweli, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, mtu ambaye hakuwahi kuonja hata tone la kasikisi, pombe yetu ya ndizi. Nasikia alikuwa mzuri wa sura. Nasema nasikia kwa sababu mtu wa kwetu na mama mkwe wake hawatazamani. Hampeani mkono, hamli pamoja, wala huingii chumba chenye kitanda chake. Mkikutana njiani mmoja wenu anaingia majanini na kungoja mwenzake apite. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na ukiizoea ina raha yake, maana kuna mtu mmoja duniani ambaye kamwe hatakuona ukiwa mjinga usoni.

Ila mama mkwe wangu alipenda mazungumzo. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Yeye alikaa ndani ya jiko akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, mimi nikawekewa kigoda nje, mgongo wangu ukiegemea ukuta wa mbao wa jiko hilo hilo, na tukaongea kupitia nyufa za mbao. Tuliongea habari za askari, za bei ya chumvi, za mahubiri ya Jumapili, za watoto wangu ambao aliwapenda kuliko alivyowapenda wa kwake. Nilizijua sauti zake zote. Kama ungeniuliza macho yake yalikuwa ya namna gani, nisingejua.

Siku moja, vita vya pili vikiwa vimeshapamba moto, nilifika kutoka Mabalako na kuketi mahali pangu. Mchi ulikuwa unaenda, kisha ukasimama.

"Mukwe," akaniita, kwa Kiswahili chetu cha Beni, ambamo "lakini" ni mais ya Kifaransa na mnyama ni nyama.

"Mama."

"Weye uko munganga ya batu. Mais mi niko na swali ya nyama."

"Uliza tu, mama."

"Mbuzi ya uyu mama jirani. Inatoka damu ku mavi. Siku mingi sasa. Inakula, mais inakonda. Ile ni magonjwa gani?"

Nilifurahi, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Nilifurahi kwa sababu swali la mbuzi halina aibu. Neno lile alilolitamka, ambalo mama mkwe hawezi kulitamka mbele ya mkwewe hata kwa bunduki, kwa mbuzi linatamkika vizuri tu. Nikajinyoosha kwenye kigoda changu kama profesa.

"Ile ni minyoo, mama. Bampatie dawa ya minyoo."

"Na kama haiko minyoo?"

"Kama inakonda sana, basiichunge bure. Baichinje, mbele nyama iharibike."

Sikuuliza mbuzi ana umri gani, ameanza lini kutoka damu, damu yenyewe ni nyekundu au nyeusi. Hayo ni maswali ambayo munganga anapaswa kuuliza hata kwa kuku. Nilingoja mchi uendelee, na baadaye ukaendelea, lakini polepole.

"Ndiyo, mukwe," akasema. "Wasingya."

Hilo ni asante, kwa Kinande. Alinishukuru.

Safari iliyofuata nilikuja na vidonge vya minyoo ndani ya karatasi. Nilitaka kuonekana mkwe mwema, na mkwe mwema huwafaa mpaka majirani wa mama mkwe. Huyo jirani alikuwa mjane pia, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, aliyekuwa akibeba karanga mgongoni kutoka upande wa Mangina na kuziuza Beni kwa vikombe. Nilimkuta uani anapepeta. Nikamwambia nimeleta dawa ya mbuzi wake.

"Mbuzi?" Akaacha kupepeta. "Munganga, mbuzi gani? Baaskari balikula yote, kuanzia ya kwangu mpaka ya pasta! Mulekera muzima mbuzi hakuna tena. Batoto benyewe balisahau vile inalia."

Akacheka kicheko chake. Mimi nilisimama na vidonge vyangu mkononi. Nilikuwa nalijua jambo hilo. Kila mtu alilijua. Tangu makundi yaanze kupokezana mji ule, kilichokuwa na miguu minne kilikuwa kimeshaliwa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelalamika juu ya hilo kupitia mbao zile zile. Nilikuwa nimemwambia mama wa mke wangu kwamba achinjwe kabla nyama haijaharibika.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angerudi kwenye zile mbao na kusema: mama, nimeelewa, twende hospitali. Nilirudi kwenye mbao. Niliketi. Nikakohoa. Nilitafuta mlango wa kuingilia katika maneno na kila mlango ulikuwa na mwili wa mama mkwe wangu nyuma yake.

"Mama," nikasema mwishowe, "ile mbuzi inaendelea je?"

"Inaendelea muzuri," akajibu. "Ilipona."

Nami nikasema Mungu asifiwe. Nilimshukuru Mungu kwa kupona kwa mbuzi ambaye hakuwako, na nikala bugali niliyoletewa, na nikaimaliza.

Nilimwambia mke wangu, angalau hilo nililifanya. Naye alimwendea mama yake akazunguka weee, akarudi na jibu lililozunguka vile vile: ni emoroide tu, yaani bawasiri, za uzee, na mama alikuwa akijitibu mwenyewe kwa ule mpira mwekundu wa kuosha tumbo unaoning'inia nyuma ya mlango wa kila nyumba kwetu, akitia maji ya majani na pilipili. Mke wangu alilisema hilo akiwa amenipa mgongo, anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Nilimuuliza kama amemwona mama yake amekonda. Akasema kila mtu amekonda, ni vita. Lilikuwa jibu zuri, na wote wawili tulilishika kwa mikono miwili.

Kisha njia ya Mangina, tuliyoipitia kwenda Beni, ilifungwa. Walipigana, wakaacha, wakapigana tena, na sisi tulihamia mashambani na watoto na sufuria moja. Mimi nilitibu malaria chini ya miti ya kahawa. Tulipoweza kufika tena Mulekera, mashemeji walitupokea kwa sauti za chini. Mama alikuwa na tumbo kubwa na mikono kama vijiti, na watu walikuwa wameshaanza kunong'ona.

Nilikwenda hadi kwenye mlango wa jiko. Sikwenda kwenye kigoda. Nilisema, "Mama, naomba nitazame macho." Akatoka nje akishikilia mwimo, akainua uso wake. Sehemu nyeupe ya macho ilikuwa manjano. Hivyo ndivyo nilivyojifunza sura ya mama mkwe wangu, kwa kutafuta ugonjwa ndani yake. Alikuwa na macho ya mke wangu, yale yale kabisa, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Tulipata nafasi katika lori la mfanyabiashara lililokuwa likienda Butembo. Yeye na mke wangu walikaa mbele na dereva. Mimi nilipanda juu ya magunia, kwa sababu hata mgonjwa wa kufa hakai bega kwa bega na mkwewe. Kwenye kila barrière, yale magogo ambayo askari waliyalaza barabarani, walichungulia ndani na kuuliza huyu mama anaumwa nini. Nilijibu kutoka juu: ini. Walitikisa kichwa kwa huruma na kuinua gogo. Lilikuwa neno safi. Ini mtu anaweza kulitaja mbele ya askari, mbele ya pasta, mbele ya wakwe. Hata katika nyimbo za mapenzi linaingia.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa makamo, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliposikia mimi ni muuguzi akafungua mlango wa chumba cha uchunguzi.

"Munganga, ingia. Utaona mwenyewe."

"Dokta, ni mama-mukwe wangu."

Alikuwa mtu wa hapa hapa. Hakunilazimisha. Alimwita mke wangu aingie, akafunga mlango, na mimi nikabaki nimesimama kwenye korido nikitazama ukuta. Nilimsikia mama mkwe wangu akitoa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kupitia mbao. Nilitembea hadi mwisho wa korido ili nisiisikie tena.

Alipotoka alikuwa anajifuta mikono.

"Ini iko mbaya, munganga. Imekuwa nguvu kama jiwe, na mafundo mafundo. Mais haikuanzia ku ini."

"Ilianzia wapi?"

"Ku utumbo mukubwa, kule mwisho. Iko kivimbe pale, niliigusa na kidole. Sasa sikia. Damu yote ya utumbo inapita mbele ku ini. Ini ni kama barrière ya kuingia mu muji: kila lori inasimama pale. Basi kansere ikitoka ku utumbo, inateremuka pale, inajenga nyumba. Batu banaona ini, banasema ni kansere ya ini. Hapana. Ni kansere ya utumbo yenye kutembea."

Kisha akauliza kitu ambacho nilikuwa nimekitarajia tangu Beni.

"Damu ilianza kutoka wakati gani?"

Nikasema sijui.

Alinitazama kidogo. Sidhani aliniamini. Lakini badala ya kunikaripia alinifundisha, pale pale koridoni, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliniambia kwamba kivimbe cha utumbo huanza kama chunusi ndogo isiyouma, na huchukua miaka kabla ya kuwa kansere, na katika miaka hiyo mtu anaweza kukatwa na kupona kabisa. Kwamba kinavuja damu, wakati mwingine nyekundu, wakati mwingine kidogo sana hata isionekane, mgonjwa akabaki tu mchovu na mweupe wa viganja. Kwamba choo hubadilika, kikawa chembamba, au leo kimefunga na kesho kinaharisha. Kwamba huwajia zaidi watu waliokwisha kula chumvi nyingi, ingawa vijana nao hawasalimiki.

"Na kila mutu anasema ni emoroide," akasema. "Pengine ni kweli. Mais mutu mukubwa akitoka damu, usiseme emoroide mbele ya kutia kidole. Kidole moja tu, munganga. Mbele, ule mama tungemukata, na leo angekuwa mu shamba yake."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la utumbo mpana. Nililipata nikiwa nimesimama, miaka mingi baada ya diploma. Akatupa dawa ya maumivu, akatuambia turudi nyumbani.

Mulekera tulikuta mambo yameharibika. Kwetu mtu akivimba tumbo na macho yakawa manjano, ni sumu. Hakuna anayeuliza kama, wanauliza nani. Na wakati ule wa vita, mwanamke aliyesemwa kuwa ametia sumu hakupelekwa mahakamani, maana mahakama haikuwako. Alichomewa nyumba, na mara nyingine hakuwahi kutoka ndani. Kidole kilikuwa kimeshamwangukia yule mama jirani. Nani mwingine aliyekuwa akiingia na kutoka jikoni mwa mgonjwa? Nani aliyempelekea chakula njia ilipokuwa imefungwa, watoto wake mwenyewe wakiwa mbali? Kwa watu wengi wema wake ndio uliokuwa ushahidi.

Mjomba wa mke wangu aliita kyaghanda, baraza la ukoo, uani pale, alasiri. Wanaume waliketi kuzunguka moto. Walikuja pia vijana wa mtaa, wawili wao wakiwa na bunduki, wa kundi gani sikujua na sikuuliza. Mama jirani alikuwa amesimamishwa kando ya mgomba, mikono imefungwa kwa kitambaa chake mwenyewe cha kichwani. Hakuwa akicheka. Mgonjwa alikuwa amelazwa jikoni kwenye mkeka, karibu na moto wake mdogo, upande wa pili wa mbao.

"Munganga," akasema mjomba, "weye ulimufikisha Butembo. Sema. Dada yangu alipata nini?"

Nilisimama. Ukweli ulikuwa mfupi: ana kansere iliyoanzia mahali pa kutolea choo, na damu imemtoka kwa zaidi ya mwaka. Sentensi moja, na mwanamke yule angefunguliwa. Niliwatazama wanaume wale, kaka zake, wanawe, pasta wake, nikafungua mdomo niseme kuhusu sehemu za siri za mama mkwe wangu, na mdomo ukakataa. Nikashika neno safi.

"Ni ini," nikasema. "Ini yake iko na kansere. Haiko sumu."

"Na kansere ya ini inatokaka wapi?"

Hapo ndipo elimu yangu ilipojitokeza, yote niliyokuwa nayo. Niliwapa somo la mwalimu wangu neno kwa neno. Homa ya ini ya muda mrefu, nikasema. Pombe, nikasema. Wakacheka kwa uchungu, kwa kuwa wote walijua hanywi. Ningenyamaza hapo. Lakini nilikuwa mwanafunzi mzuri, na orodha ilikuwa na kitu cha tatu.

"Na pia," nikasema, "kalanga zenye kuoza."

Mjomba aliacha kuchochea moto.

"Kalanga," akarudia mjomba polepole. "Kalanga ya nani alikuwa anakula?"

Wote waligeuka kuelekea kwenye mgomba. Kijana mmoja aliinuka akajipangusa suruali, na yule mama akaanza kusema jina la Yesu, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemwita mtu aliye karibu. Nilipaaza sauti kwamba sikumaanisha hivyo, kwamba ni ukungu tu, kwamba wote tunazila. Nani alikuwa ananisikiliza? Nilikuwa nimeshatoa ushahidi. Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini aibu ile ilikuwa na uzito.

"Mukwe."

Sauti ilitoka kwenye mbao. Ilikuwa nyembamba lakini kila mtu aliisikia, kwa sababu mwanamke haongei katika kyaghanda.

"Mama," nikaitikia.

"Baambie habari ya mbuzi."

Sikuweza. Nilisimama pale, mtu mzima, munganga, machozi yakinitoka, na sikuweza.

"Basi nitasema miye," akasema. Tulimsikia akivuta pumzi. "Nilimuuliza mukwe wangu juu ya mbuzi ya jirani yenye kutoka damu ku mavi. Mbuzi haikuwako. Mbuzi ilikuwa miye. Damu inatoka mu mwili yangu tangu mbele ya mavuno ya mwaka ule ingine. Nilisikia haya. Hakuna mutu alinipatia sumu. Uyu mama, kalanga yake ndiyo ilinilisha wakati batoto yangu benyewe habakuwako. Mumufungue."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Pasta alikuwa anachora ardhini kwa kijiti. Mjomba alikohoa, akatafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani, na mmoja mmoja wakaondoka bila kuagana, hata wale wenye bunduki. Ni mke wangu aliyekwenda kufungua kile kitambaa. Mama jirani alipita mbele yangu akaingia jikoni na kufunga mlango nyuma yake, na tangu siku ile hadi siku ya mwisho ni yeye aliyemgeuza mgonjwa, akamnywesha, akamwosha. Alipofariki, ni yeye aliyemvika gauni la kwaya.

Mwanamke asiyetazama mkwewe usoni alijivua nguo mbele ya ukoo mzima ili kufunika ujinga wangu. Methali inasema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mimi nilisaidia kuyaficha, na aliyefichuliwa hakuwa mimi.

Baada ya vita nilirudi kituoni Mabalako, nikawa mtu mwingine. Kila mtu mzima aliyeingia, hata aliyekuja na jino, nilimuuliza juu ya choo chake. Kina damu? Kimekuwa chembamba? Tangu lini? Nilinunua glavu kwa mshahara wangu nilipozikosa, nikajifunza kutumia kidole, na wachache niliowakuta na kitu niliwapeleka Butembo mwenyewe kwa pikipiki. Wanawake sokoni waliniita munganga ya mavi na kupigana vikumbo wakinipita. Niliwaacha wacheke. Niliwaambia mficha uchi hazai, kwa sauti ya mtu asiye na haya yoyote duniani. Nilidhani hata mimi nilikuwa nimeiaga.

Binti yangu mkubwa aliolewa na daktari wa Butembo, kijana mtulivu, aliyesoma vitabu vyote hadi ukurasa wa mwisho. Na mwaka huu, siku moja asubuhi chooni, niliona damu. Nilijiambia ni emoroide. Mimi! Nilijiambia ni pilipili, nikajiambia ni baiskeli, ingawa sijapanda baiskeli tangu miguu inikatae. Nilikaza mkanda tundu jingine nikasema ni uzee. Mke wangu aliniuliza kama nimekonda nikamwambia kila mtu amekonda. Majuma yalipita hivyo.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa kwao Butembo. Binti yangu alikuwa jikoni, anakoroga bugali, mlango wazi. Mimi na mkwe wangu tuliketi barazani, kila mtu akitazama upande wake, kama inavyopasa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka Mabalako. Nilikuwa na maneno yote ya kidaktari, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

"Mukwe," nikasema, "iko mbuzi moja. Ya jirani."

Aligeuka kidogo, akaacha.

"Inatoka damu," nikasema.

Mwiko ulisimama jikoni. Mkwe wangu aliangalia kucha zake kwa muda. Binti yangu alikuwa amemsimulia habari za bibi yake, nikaelewa hilo pale pale.

"Baba," akauliza kwa upole, "ile mbuzi iko na miaka ngapi?"

"Makumi sita na kitu."

"Na inakonda?"

"Kidogo."

"Uilete kesho asubui," akasema. "Isikule kitu. Na hatutaichinja, baba."

Nikasema nitaileta. Kisha nikatazama miguu yangu, naye akatazama ya kwake, mpaka mwiko ulipoanza tena na chakula kikaletwa.